Maandishi niliyonakili kwa amri hayabandikiki

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni karani wa chama cha ushirika cha wakulima wa zabibu huku Hombolo, Dodoma, na kompyuta yetu inatumia Ubuntu. Namba za simu za wanachama zimo katika safu ya tatu ya faili liitwalo wakulima.csv. Niliandika amri cut -d, -f3 wakulima.csv | xclip ili nizibandike katika ukurasa wa kutuma ujumbe mfupi, lakini nilipobonyeza Ctrl+V yalitokea maandishi niliyokuwa nimenakili asubuhi. Nimekosea wapi?

JIBU: Ndugu karani, namba zako hazikupotea, zimehifadhiwa mahali tofauti na pale ulipozitafuta. Mfumo wa madirisha wa X, yaani ule unaochora madirisha ya programu kwenye skrini, na ambao xclip, programu ya kunakili maandishi kwa amri, iliundwa kwa ajili yake, hauna ubao mmoja tu wa kunakili. Upo uitwao PRIMARY, ambao hupokea maandishi papo hapo unapoyachagua kwa kipanya na hubandikwa kwa kubofya kitufe cha katikati cha kipanya hicho, na upo uitwao CLIPBOARD, ambao ndio hujazwa kwa Ctrl+C na kusomwa kwa Ctrl+V. Usipoielekeza, xclip hupeleka maandishi PRIMARY. Kwa hiyo andika:

cut -d, -f3 wakulima.csv | xclip -selection clipboard

Kabla ya kubandika, hakiki kilichomo kwa amri xclip -selection clipboard -o. Ukitaka kubandika ndani ya dirisha lenyewe la amri, tumia Ctrl+Shift+V. Huko, Ctrl+C haina kazi ya kunakili, kwani husimamisha programu inayoendelea.

Ikiwa amri echo $XDG_SESSION_TYPE inakujibu wayland, yaani mfumo mpya wa madirisha unaochukua nafasi ya X, nakushauri usakinishe kifurushi cha wl-clipboard na kutumia wl-copy, ambayo hupeleka maandishi CLIPBOARD bila kuelekezwa, pamoja na wl-paste ya kuyatoa. Kwenye Mac utatumia pbcopy na pbpaste, na kwenye Windows amri ya kunakili ni clip.

Nina ombi moja. Namba hizo ni za watu waliokiamini chama chenu, na katika mfumo wa X programu nyingine zilizofunguliwa zinaweza kusoma kilichomo ubaoni. Ukimaliza kutuma ujumbe, ufute ubao kwa xclip -selection clipboard < /dev/null, au kwa wl-copy --clear ikiwa unatumia Wayland.