Kabla Hujagusa Skrubu: Kwa Anayeanza Kazi ya Optiki Kwenye Darubini Kubwa

Wengi wanaoajiriwa kuwa wahandisi wa optiki, yaani kazi ya lenzi na vioo vinavyoongoza nuru, kwenye vituo vya darubini huja wakidhani watashinda mezani wakichora lenzi kwenye kompyuta. Michoro ipo, ila darubini nyingi utakazozikuta zilishachorwa na kujengwa wewe ukiwa bado shuleni. Kazi yako ni kuhakikisha nuru haipotei wala haipindi njiani, toka kioo kikuu hadi kwenye kamera, na kumjibu mtafiti anayepiga simu saa nane usiku akiuliza kwa nini nyota zake leo zina umbo la yai.

Neno langu kubwa ni moja, na nitalirudia mpaka unichoke: usiguse skrubu kabla hujaweza kusema kosa linatoka wapi. Ukikaza hapa na kulegeza pale kwa kubahatisha, picha inaweza kunyooka kwa sababu tu makosa mawili yamefutana. Darubini ikigeukia upande mwingine wa anga, uzito wa vioo unaegemea kwingine na makosa yale yanaachana. Sasa unayo mawili badala ya moja, na usiku hausubiri.

Basi jifunze kulisoma kosa kwa umbo lake. Chagua nyota angavu, kisha sogeza kioo cha pili, kile kidogo kinachopokea nuru toka kioo kikuu, mpaka nyota itoke kwenye fokasi, yaani mahali picha inapokuwa kali. Itatanuka na kuwa pete ya nuru yenye tundu jeusi katikati. Tundu hilo ni kivuli cha kioo cha pili chenyewe. Itazame bila haraka. Tundu likiwa limesogea kando, na ubavu mmoja wa pete unang'aa kuliko mwingine, hilo ni kosa la optiki linaloitwa koma, na mara nyingi kioo cha pili kimehama au kimeinama. Pete ikiwa ndefu upande mmoja, pitiliza fokasi uende ng'ambo ya pili: urefu ukigeuka kwa nyuzi 90, una kosa liitwalo astigimatizimu, na wa kushukiwa kwanza ni viegemeo vya kioo kikuu. Pete ikitoa pembe tatu, tafuta mahali kioo kinapobanwa kwenye nukta tatu. Lakini nyota zikiwa ndefu kuelekea upande uleule hata zikiwa kwenye fokasi kamili, acha vioo vipumzike kwanza. Uliza kuhusu upepo na mota zinazofuatilia mzunguko wa anga.

Siku hizi hesabu hizi zinafanywa na mashine. Kule kwenye kituo cha darubini cha Paranal, Chile, kila kimoja cha vioo vinne vikubwa kina upana wa mita 8.2 na unene wa sentimita 17.5 tu, kwa hiyo kinapinda kwa uzito wake chenyewe. Chini yake kuna viegemeo 150 vinavyokisukuma, na kompyuta inavirekebisha usiku kucha kwa kutazama nyota moja ya mfano. Hata hivyo nakusihi uitazame pete kwa macho yako. Kihisi kinachopima umbo la mawimbi ya nuru nacho kina lenzi zake, na lenzi hizo nazo husogea. Nikiona kihisi kinasema mambo safi huku pete imekaa upande, naamini pete.

Hapo ndipo huwakumbusha wageni habari ya Hubble. Darubini hiyo ilirushwa angani mwaka 1990 ikiwa na kioo cha mita 2.4 kilichosuguliwa kwa ustadi mkubwa sana, lakini kwa umbo lisilo sahihi: ukingoni kilikuwa bapa kupita kiasi kwa takriban mikromita 2.2. Kifaa kilichotumika kukipima kiwandani kilikuwa na lenzi iliyowekwa milimita 1.3 nje ya mahali pake. Kinachoniuma zaidi si hiyo milimita. Vipimo vingine, vilivyofanywa kwa vifaa vya kawaida zaidi, vilionyesha dalili za kosa hilohilo, vikapuuzwa kwa kuwa kile kifaa kipya ndicho kilichohesabiwa kuwa sahihi zaidi. Wanaanga walipeleka vifaa vya kurekebisha picha Desemba 1993. Wewe, ukipata vipimo viwili visivyokubaliana, usichague unachokipenda. Tafuta cha tatu, kisichotegemea kifaa chochote kati ya vile viwili.

Upande wa pili, jifunze pia kuacha. Vijana wazuri, tena wale wenye bidii hasa, hupoteza wiki wakifukuza kosa dogo ambalo hewa inalimeza lote. Fanya hesabu: usiku wa kawaida kwenye mlima mzuri, hewa pekee inaitanua nyota kufikia kama sekunde 0.7 za tao (sekunde moja ya tao ni sehemu moja ya 3,600 za nyuzi moja). Optiki yako ikiongeza 0.1, hazijumlishwi kuwa 0.8. Zinajumlishwa kwa miraba, kisha unachukua kipeo cha pili, na jibu ni 0.707. Hakuna mtafiti atakayeiona tofauti hiyo. Lakini darubini hiyohiyo ikifungiwa kioo kinachojikunja mamia ya mara kwa sekunde ili kufuta mtikisiko wa hewa, mambo yanabadilika kabisa. Kwa kioo cha mita 8 kwenye nuru ya infraredi, isiyoonekana kwa jicho, ya mikromita 2.2, ukali unaotafutwa ni karibu sekunde 0.06, na ile 0.1 yako sasa ni balaa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kosa ni kubwa kiasi gani, uliza usiku huu ni kamera ipi inayotumika.

Kuhusu usafi wa vioo, hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo mikono mipya inapoleta hasara. Tabaka linaloakisi ni la aluminiamu yenye unene wa nanomita 80 hivi. Ukipiga hesabu, kioo cha mita 8.2 chenye tani zaidi ya 20 za kioo kinabeba gramu kama 11 tu za metali, na ni gramu hizo zinazofanya kazi yote. Vumbi likitua juu yake, ukalipangusa kwa kitambaa kikavu, umelikwangua. Vituo vingi hupuliza theluji ya kaboni dayoksaidi: gesi inatoka kwenye bomba ikiwa chembe baridi, zinateleza juu ya kioo na kuondoka na vumbi bila kukwaruza. Kioo huinamishwa ili uchafu uanguke chini, na anayepuliza huanzia juu akishuka. Fanya hivyo hewa ikiwa kavu tu. Baridi ile ikikutana na unyevunyevu, maji yanaganda juu ya kioo, na vumbi ulilotaka kuliondoa linageuka tope.

Hata ukisafisha vizuri, aluminiamu huchakaa. Baada ya mwaka mmoja au miwili hivi, kutegemea mahali, kioo kinashushwa, tabaka la zamani linaondolewa kwa kemikali, na jipya linawekwa ndani ya tangi la ombwe. Siku ya kukishusha kioo, usiwe mtu wa kuongea. Mtu mmoja ndiye anayetoa amri kwa mwendesha winchi, na yeyote anaruhusiwa kusema "simama". Usione haya kulitamka neno hilo hata kama ni wiki yako ya kwanza. Na kabla hujasogelea kioo, toa kila kitu mfukoni: kalamu, simu, kitambulisho kinachoning'inia shingoni. Vifaa vifungwe kamba.

Joto ni adui asiyeonekana. Kioo kikiwa na joto kuliko hewa ya usiku, hewa iliyo juu yake inapanda ikitetemeka, na picha inaharibika kabla nuru haijafika popote. Ndiyo maana ndani ya kuba, jengo linaloifunika darubini, hupoozwa mchana kutwa kulingana na utabiri wa joto la usiku. Kikiwa baridi mno nacho kinaweza kufika kwenye kiwango cha umande, na hilo ni baya zaidi. Ukiona mtu ameacha kompyuta inafanya kazi ndani ya kuba bila kupoozwa, mwulize kwa upole inatafuta nini pale.

Nuru iliyopotea njia nayo itakusumbua. Taa ndogo za kijani na nyekundu kwenye vifaa zinazibwa kwa utepe mweusi, hilo kila mtu anajua. Zinazosahaulika ni zile ambazo jicho halizioni: enkoda zinazopima mzunguko wa mitambo mara nyingi zina taa ya infraredi ndani, na vihisi vya silikoni vya kamera huona hadi karibu mikromita 1.1. Zima taa zote, funga kuba, chukua picha ndefu gizani, kisha zima kifaa kimoja baada ya kingine mpaka mng'ao utoweke. Kazi hii inachosha, na sijaona njia ya mkato.

Kama kituo chako kiko juu sana, kama Mauna Kea, Hawaii, kwenye mita 4,200 hivi, kubali kwamba kule juu kichwa hakifanyi kazi kama bondeni. Andika hatua zako zote kabla hujapanda, zikaguliwe na mwenzako, na juu ufuate karatasi tu. Wazo zuri likikujia kule, liandike pembeni ulijadili ukishashuka.

Mwisho, jioni kabla hujaondoka, nenda kwa mwendesha darubini wa zamu ya usiku umwambie kwa mdomo ulichogusa, hata kama umeshakiandika kwenye daftari. Mwambie kiegemeo namba ngapi, umekizungusha kuelekea wapi na kwa kiasi gani, kilikuwaje kabla, na arudishe vipi kila kitu kama picha haikukaa sawa. Kama hujui kingerudishwaje, bado hujamaliza kazi: rudi ndani ya kuba ukapime tena wakati mchana ungalipo.