Kuhusu kupima nchi kwa pato la kila mtu
Kaka, umeuliza kwa nini Guinea ya Ikweta inatuacha mbali sisi Watanzania kwa pato la kila mtu ilhali wengi kule wanaishi kwa shida. Pato hilo ni wastani tu: fedha ya mafuta inagawanywa kwenye karatasi kwa watu wote, hata asiyeionja. Ndiyo maana mwaka 1990 mchumi Mahbub ul Haq na wenzake wa UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, walileta kipimo cha maendeleo ya watu kinachounganisha umri wa kuishi, elimu na pato. Pato lenyewe hurekebishwa kwa bei za mahali, maana dola moja hapa Ngamiani, Tanga, inanunua zaidi kuliko London. Lakini kipimo hicho nacho ni wastani! Mimi ningetaka Tanga mjini na vijiji vya Kilindi vipimwe kila sehemu peke yake: mama anajifungulia wapi, mtoto anaishia darasa la ngapi.