Mnaoanza Kinavajo, anzieni kooni

Kwa nyie mnaoanza kusoma Kinavajo, lugha ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa Marekani, au Diné bizaad kama wenyewe wanavyoiita, naomba msikimbilie vitenzi, kaeni kwanza na sauti. Mimi nilikimbilia vitenzi, miezi miwili nakariri tu, mpaka siku bibi mmoja Mnavajo aliyekuwa anatusaidia kule New Mexico akaniambia taratibu kwamba nasema "kati yao" wakati nataka kusema "bawa lake". Moja ni bita', nyingine ni bit'a'. Kila kitu kinabebwa na kale kaalama baada ya t.

Na hako kaalama kanatuchanganya sana sisi waswahili, maana kwenye ng'ombe hakana kazi yoyote kooni, na wale mliosoma maandishi ya Kimvita (lahaja ya Mombasa) mnajua kuna wanaoandika k'aa wa baharini hivyo kuonyesha pumzi inatoka kwa nguvu, tofauti na kaa la moto. Kwa Wanavajo ni kinyume, hapo pumzi imefungwa. Mwisho wa neno, kama azee' (dawa), ni hamza ile ile uliyofundishwa madrasa, yaani koo linajifunga ghafla. Ila ikifuata konsonanti, yaani t', k', ts', ch' na tł', basi koo na mdomo vinafungwa kwa pamoja na hapo ndipo kazi ilipo.

Fanya hivi. Jifanye unanyanyua ndoo ya maji iliyojaa, utasikia koo limejifunga lenyewe, sasa ukiwa umebana hivyo hivyo piga k, usiruhusu pumzi ya mapafuni itoke hata kidogo. Itadunda kavu kabisa. Weka vidole kwenye koromeo utalisikia linapanda, ndilo linalosukuma ile hewa iliyonaswa mdomoni. Halafu ndo unaachia koo na irabu inakuja, na usiiharakishe, Wanavajo wanaacha kaukimya kafupi pale katikati, sema k'ad (sasa) mara hamsini utaelewa.

Kitu ambacho natamani ningeambiwa mapema ni kwamba sisi tayari tuna sauti za koromeo. Sema polepole baba, dada, huku umeshika koo. Linashuka, si ndio? B na d zetu zinavuta hewa ndani kidogo, kwahiyo misuli unayo, ila imezoea kushuka na hapa unaifundisha kupanda. Shida yake ni kwamba ukisema dibé (kondoo) kwa d na b za nyumbani unakosea, maana za kwao hazivuti. D yao iko karibu zaidi na t yetu ya neno tatu, isiyo na pumzi, na b yao karibu na p ya pita. T yao isiyo na alama, kama kwenye tó (maji), ndo ina pumzi nyingi yenye mkwaruzo kama kh inaifuata kwa nyuma.

Ł ni rahisi, weka ulimi kama wa l halafu puliza bila sauti. Kama una rafiki Muiraqw wa Mbulu mwombe akutamkie slee, ng'ombe, ile sl ndo hiyo hiyo. Na tl yao inadunda kooni kama tł' ya kwenye tł'ízí (mbuzi), mimi nilifurahi sana nilipogundua hilo, bahari nzima iko katikati na sauti ni ile ile.

Irabu ni nne tu, a e i o, hamna u, ila kuna ndefu na fupi, kuna za puani, na kuna toni, yaani sauti ya juu na ya chini. Azee' ni dawa, azéé' ni mdomo, kwahiyo usidharau hivyo vimkwaju vya juu.

Ukitaka neno moja la kuanzia chukua salamu, yá'át'ééh, ina hamza, ina t', ina ee ndefu ya juu. Jirekodi kwenye simu kila asubuhi, weka pembeni ya sauti ya mzee anayeiongea tangu utotoni, na usikilize pale kwenye t' tu, mengine yaache kwanza.