Mnajenga jukwaa la majaribio la kampuni nzima? Anzeni na data

Kampuni ikishakuwa kubwa, kila timu hujaribu programu zake kivyake. Watu wa malipo wana seva yao, watu wa mikopo wana skripti zao, na kwenye bima bado kuna mtu anashinda na simu mkononi akibonyeza menyu moja baada ya nyingine. Siku ya kutoa toleo jipya kila timu inaapa kwamba upande wake uko sawa. Toleo linatoka, na mkulima wa Kongwa aliyeomba mkopo wa mbegu za alizeti anakatwa bima mara mbili, kwa kuwa mifumo hiyo miwili haikuwahi kujaribiwa ikiwa pamoja. Ndipo uongozi unaposema: jengeni jukwaa moja, kila mtu alitumie.

Kazi hiyo ndiyo ninayoifanya hapa Dodoma, na vijana wanaomaliza Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) pamoja na wenzangu wa taasisi zilizohamia huku huniuliza waanzie wapi. Nawaambia waanze na data.

Najua kikao cha kwanza kitakuwa cha kubishania zana za kuendesha majaribio zenyewe kwenye kivinjari. Selenium ipo tangu 2004, Playwright ilitoka 2020, zote ni za bure na zote zinafaa. Chagueni moja, msonge mbele. Jukwaa linakufa pale timu zisipoona limewapunguzia mzigo gani. Kwa hiyo kabla ya kuandika chochote, nendeni mkakae na kila timu, mtazame wanavyofanya kazi.

Dada mmoja wa timu ya mikopo alinifungulia daftari lake. Kurasa kwa kurasa za namba za simu za majaribio, zimeandikwa kwa kalamu, nyingi zimepigwa mstari. Kila iliyopigwa mstari ni mteja wa kubuni aliyekwishakopeshwa, na mwenye deni mfumo haumkopeshi tena. Asubuhi yake ilikuwa inaishia kutafuta namba ambayo hakuna mwenzake aliyeitumia.

Basi kitu cha kwanza tulichojenga kilikuwa huduma ya kutoa wateja wa majaribio. Unaomba mtu mzima, hana deni, ana salio la shilingi 50,000, anaishi Mpwapwa. Unapewa papo hapo, unamtumia, anafutwa. Hapa umakini unahitajika sana. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Ukibuni namba ovyo, programu itamkatalia mkopo mtu uliyemwita mtu mzima, na utapoteza siku nzima hujui kosa ni la programu au la data yako. Na tafadhali, msichote taarifa za wateja halisi mkazimwaga kwenye seva za majaribio. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu Mei 2023, lakini hata isingekuwepo, deni la mtu ni siri yake.

Data ikishatulia, mtakutana na majaribio kigeugeu: leo jaribio linapita, kesho linafeli, na hakuna aliyegusa kitu. Msikate tamaa, hata Google waliandika mwaka 2016 kwamba karibu asilimia 16 ya majaribio yao yalikuwa na tabia hiyo kwa kiwango fulani. Ninachopinga kwa nguvu zote ni ule mtindo wa kuliamuru jukwaa lirudie jaribio mpaka lipite. Kwetu kulikuwa na jaribio la riba lililopita mchana kutwa na kufeli likiendeshwa kati ya saa sita na saa tisa usiku. Watu walishalizoea, wanalirudia asubuhi, linapita, maisha yanaendelea. Kumbe seva ilikuwa inatumia saa za Greenwich, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu. Aliyekopa saa saba usiku aliandikiwa tarehe ya jana, akatozwa riba ya siku ambayo hakuwa na hela yetu mfukoni. Jaribio lilikuwa linasema kweli muda wote huo! Jaribio likiwa kigeugeu, litengeni, liandikiwe jina la mtu wa kulishughulikia na tarehe ya mwisho, na libaki kwenye ripoti ambapo kila mtu analiona.

Faida ya kuwa pamoja inaonekana kwenye mambo madogo. Timu ya bima ya mifugo iliona gharama za SMS zinapanda bila sababu. Ujumbe wao ulikuwa na neno ng’ombe, na aliyeuandika alitumia programu ya maandishi inayopinda ile alama ya juu. Alama iliyopinda haimo kwenye herufi za kawaida za SMS, kwa hiyo badala ya herufi 160 unabakiwa na 70, na ujumbe wa herufi 150 unalipiwa kama SMS tatu. Tuliweka ukaguzi huo kwenye jukwaa mara moja, na kuanzia hapo kila ujumbe wa kila timu unapimwa kabla haujamfikia mfugaji wa Bahi mwenye kitochi chake.

Msikubali kuandika majaribio ya timu nyingine. Anayeijua mikopo ni mtu wa mikopo. Ninyi mpeni mazingira, data, ripoti inayosomeka, na mtu wa kumpigia akikwama. Wala msilazimishe kwa waraka. Chukueni timu inayoumia zaidi, mfanye nayo kazi bega kwa bega, nyingine zitakuja zenyewe. Wenzetu wengi wako Dar es Salaam, na tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma 2024, kuwaita wakae nasi siku mbili tatu kumekuwa jambo rahisi. Itumieni nafasi hiyo.

Bosi akiwauliza mtampa kipimo gani, msimwahidi idadi ya majaribio. Mwahidini muda: mtu akibadilisha programu, ndani ya dakika 10 anajua kama ameharibu kitu. Ikizidi hapo, ataendelea na kazi nyingine, na jibu litakapokuja hakumbuki tena alichokuwa anakibadilisha.