Unga Ulionasa Zebaki Unakwenda Wapi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia hapa Uyole katikati ya baridi ya Juni, na swali lako limenikalisha jioni mbili. Umeniuliza: "Mama, hiyo kemia mnayoiita ya kijani si jina tu? Unga wenu wa pumba ukishanasa zebaki, mnautupa wapi?"

Kemia ya kijani ni ile inayojitahidi kupunguza sumu na taka, kwa hiyo niruhusu nianzie kwenye viyeyushi, yaani vimiminika tunavyoyeyushia vitu maabara. Tangu nianze kazi nimetumia heksani na klorofomu, ambazo huvukiza na kuingia kifuani mwa aliyesimama mezani. Mwaka 2003 mwanakemia Andrew Abbott na wenzake, huko Uingereza, walieleza kwamba kolini kloridi, inayoyeyuka kwenye nyuzi 302, ikichanganywa na urea, inayoyeyuka kwenye nyuzi 133, kwa uwiano wa molekuli moja kwa mbili, hutoa mchanganyiko unaoyeyuka kwenye nyuzi 12 tu. Urea ni ileile tunayokuzia mahindi, na kolini huongezwa kwenye chakula cha kuku. Ukizipasha moto taratibu kwenye chupa, chembe nyeupe zinalowana, zinashikana, kisha zinageuka kimiminika angavu, kizito kama asali. Uzito huo ni kero, kwa kuwa kuchuja kunachukua nusu siku, jambo ambalo wanaokisifu hawalitaji sana.

Vichocheo, yaani vitu vinavyoharakisha mmenyuko bila vyenyewe kuisha, nitakuandikia siku nyingine. Itoshe kusema kwamba kichocheo kizuri hukusanywa baada ya kazi kikatumika tena, na kwa kipimo hichohicho ninaupima unga wangu.

Pumba tunazichukua kwenye mashine za mpunga za Mbarali, kabla wachoma tofali hawajazimaliza. Zikichomwa, takribani moja ya tano ya uzito wake hubaki jivu, ambalo zaidi ya asilimia 90 ni silika, kitu kilekile kilichomo kwenye mchanga. Kutokana na silika hiyo tunatengeneza unga wenye vitundu visivyoonekana kwa macho, tunaupachika salfa, kwa maana salfa na zebaki hung'ang'aniana, kisha tunautia chembe za oksidi ya chuma ili sumaku iuvute kutoka majini. Pasipo sumaku, chembe ndogo kiasi hicho zingepenya chujio, nasi tungekuwa tumeongeza uchafu mwingine.

Kosa langu nalikiri. Mwanzoni niliupima kwa maji safi ya maabara nikafurahi mno. Nilipoleta maji yenye tope kutoka upande wa Chunya, ambako wachimbaji wadogo hukamatia dhahabu kwa zebaki, unga ulinasa kidogo sana kuliko nilivyokwisha kuwatangazia wenzangu.

Sasa jibu lako. Zebaki ni elementi, yaani kitu cha asili kisichovunjika kuwa vitu vingine kwa kemia, haiozi wala haiungui ikaisha. Tunachofanya ni kuihamisha kutoka maji mengi hadi kwenye unga mchache. Tunaweza kuuosha unga kwa asidi na kuurudisha kazini mara kadhaa, kila mara ukiwa dhaifu zaidi. Ukichoka kabisa, ungepashwa moto ndani ya chombo kilichofungwa, kwa kuwa zebaki huchemka kwenye nyuzi 357, na mvuke wake ukapozwa na kukusanywa. Chombo hicho hatuna. Kwa hiyo unga uliochoka uko stoo, ndani ya ndoo yenye mfuniko niliyoizungushia utepe wa karatasi wenye gundi na kuandika tarehe kwa mkono wangu, na ufunguo ninakaa nao mimi.

Mama yako