Haradali haikupotea hata ipatikane

Swali: Nimekausha mmea wa jamii ya haradali, jina lake la kisayansi Sinapis arvensis, na sasa naandaa lebo ili niupeleke kwenye hifadhi ya mimea iliyokaushwa. Je, niseme "haradali pori" au "haradali mwitu"? Nimeanza hivi: "Haradali pori, ilipatikana shambani."

Jibu: Yote mawili ni Kiswahili. Mimi huchagua mwitu, maana limekwisha kuzoeleka kwa kiumbe kisichofugwa wala kupandwa: mbwa mwitu, nguruwe mwitu. Haradali lenyewe tumelipokea kutoka Kiarabu, khardal, nalo halina mgogoro.

Mgogoro uko kwenye "ilipatikana". Kitenzi hiki kimevamia maandishi yetu yote ya mimea. Mti "unapatikana" milimani, nyasi "zinapatikana" bondeni, ua "linapatikana" kando ya mto. Mtoto aliyepotea hupatikana. Dawa hupatikana dukani. Mmea huota! Humea, huchipua, hustawi, hutambaa, huzagaa, na kila kimoja kati ya vitenzi hivyo humwonyesha msomaji jambo ambalo kingine hakimwonyeshi. Kwa nini tuviache vyote tukae na kimoja kisichoonyesha kitu?

Tazama lebo yako. "Ilipatikana shambani" inaweza kumaanisha kwamba iliota katikati ya mazao. Inaweza pia kumaanisha kwamba uliiokota imeng'olewa na kutupwa kando, au mkulima alikupa mkononi. Mtaalamu atakayefungua karatasi iliyobandikwa mmea wako miaka mia baadaye hatakuwa na wa kumuuliza. Anataka kujua mmea uliota wapi, nani aliuchuma, lini. Kitenzi chako kimemficha mchumaji na kimeficha mahali ulipoota, na lebo hubandikwa hasa kwa ajili ya hayo. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, alipouandika mmea huu mwaka 1753, shamba alilitia ndani ya jina: arvensis, yaani wa mashambani.

Andika hivi: "Haradali mwitu. Imeota kwa wingi katikati ya ngano. Imechumwa na fulani," kisha mahali na tarehe. Usiogope "imechumwa na". Hapo tendo lina mwenyewe.

Anayeniambia kwa mdomo kwamba twiga "wanapatikana" mbugani simkatizi tena, nimechoka. Kwenye lebo ya kisayansi sikubali.

Kama maganda ya mbegu yamo kwenye karatasi, yataje pia. Jamii hii ina petali nne zilizopangika kama msalaba, na maua yake hufanana mno hivi kwamba mara nyingi tunda, yaani hilo ganda la mbegu, ndilo linaloamua ni mmea upi. Rangi ya ua nayo iandike kama ulivyoiona siku ya kuchuma, kwa kuwa njano hufifia mmea ukikauka.