Mwiba wa kamba na bakteria "wanaokula nyama"

SWALI: Mheshimiwa daktari, ninaishi Houston, Marekani. Mwenzangu kazini alichomwa mguuni na mwiba wa kamba akivua Galveston. Kesho yake mguu ulikuwa umevimba hadi gotini, akapasuliwa usiku huohuo. Tuliambiwa ni bakteria adimu wanaokula nyama. Mbona sisi tuliokulia pwani tumechomwa na miiba mara nyingi bila kudhurika hivyo? – Msomaji, Texas

JIBU: Ndugu msomaji, bakteria hao hawali nyama. Sumu wanazotoa huua mafuta na utando unaofunika misuli, huku ngozi ya juu ikionekana karibu nzima. Kwa kawaida chanzo huwa ni streptokokasi wa kundi A, au mchanganyiko wa bakteria kadhaa, hasa kwa wenye kisukari. Kwa maelezo yako, namshuku zaidi Vibrio vulnificus, anayestawi katika maji ya chumvi yenye joto karibu na milango ya mito, kama ya Ghuba ya Meksiko. Baada ya kimbunga Katrina mwaka 2005, baadhi ya watu wenye majeraha walioingia katika maji ya mafuriko waliugua kwa vibrio, na wengine wakafariki.

Mwiba ni uleule, ila miili hutofautiana. Bakteria huyu hustawi penye madini mengi ya chuma, na mtu mwenye ini bovu, liwe limeharibiwa na pombe au na homa ya ini ya muda mrefu, huwa na chuma cha ziada katika damu. Mtu huyo asile hata chaza wabichi, maana bakteria huweza kupita tumboni na kuingia katika damu.

Dalili ninayoiogopa kuliko zote ni maumivu makali yasiyolingana na ukubwa wa kidonda. Malengelenge ya damu hufuata, na yakishatokea muda umekwisha kupotea. Dawa hupelekwa na damu, na mishipa ikishaziba hazifiki palipokufa, ndiyo maana daktari wa upasuaji hukata bila kusubiri maabara.

Mtajieni daktari tangu mwanzo aina ya maji ambamo mtu aliumia, ya chumvi au baridi. Aeromonas, bakteria wa mito na maziwa, huleta maradhi yanayofanana na haya, lakini penisilini haimwezi. Kwa vibrio hutumika antibiotiki mbili, doksisaiklini pamoja na seftazidimu. Naye mwenzako, kama bado hajapimwa ini, apimwe homa ya ini B na C kabla ya kurudi kuvua.